Ubongo Unapobanwa Ndani ya Fuvu: Kazi ya Muuguzi kwa Mgonjwa Aliyeumia Kichwa



Katika ziara za kila robo mwaka, swali linalorudiwa na kamati kuliko mengine yote ni hili: mashine ya CT-Scan tutaipata lini? Ni swali la haki. Wengi wenu mmewahi kusindikiza kijana wa usharika aliyeanguka na pikipiki, mkaambiwa kipimo hicho hakipo hapa, mkaanza kutafuta gari la kwenda mbali usiku wa manane. Marafiki zetu wa ng'ambo nao huuliza hilohilo, kwa kuwa mashine ni kitu kinachoonekana na kinachopendeza kwenye picha ya ripoti.

Makala haya yanajibu swali hilo kwa kuzunguka kidogo. Kwanza tuelewane ni kitu gani kinachomuua mtu aliyeumia kichwa katika siku mbili tatu za mwanzo, na ni nani hasa anayekizuia. Baada ya hapo mtaona kwa nini pendekezo la bajeti lililoletwa kwenu limetanguliza vitanda, oksijeni na wauguzi wa zamu ya usiku.

Mimi si muuguzi wala daktari. Kazi yangu ni kuratibu miradi. Ninayoeleza ni mambo yanayofundishwa katika vyuo vya uuguzi na yanayofuatwa wodini, nami nimejaribu kuyaandika kwa lugha ambayo mzee wa kanisa na mhasibu wa usharika wataielewa. Mtu asiyachukue kuwa mwongozo wa kumtibu mgonjwa nyumbani.

Debe, si gunia

Mguu ukiumia huvimba, na ngozi hutanuka kuupisha uvimbe. Ubongo hauna nafasi hiyo. Fuvu la mtu mzima ni mfupa uliofungika pande zote. Gunia ukilishindilia hutanuka, debe halitanuki.

Ndani ya debe hilo mna vitu vitatu. Ubongo wenyewe, wenye uzito wa takriban kilo 1.4, huchukua kama asilimia 80 ya nafasi. Damu iliyomo kwenye mishipa huchukua kama asilimia 10, na asilimia 10 inayobaki ni maji maalumu yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Maji haya kwa wakati mmoja hufika kama mililita 150, lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku na kuyanyonya tena. Daktari Alexander Monro wa Edinburgh alieleza jambo hili mwaka 1783, na George Kellie akaliongezea mwaka 1824: kwa kuwa nafasi ni ileile, kimoja kati ya vitu hivi kikiongezeka lazima kingine kipungue, la sivyo shinikizo litapanda.

Hapo mwanzo mwili hujitahidi. Damu inapovuja ndani ya fuvu, maji ya ubongo husukumwa kushuka kwenye uti wa mgongo, na damu ya vena huharakishwa kutoka kichwani. Ndiyo maana mtu aliyegonga kichwa anaweza kuinuka, kujipangusa vumbi, kuzungumza na watu na hata kugoma kwenda hospitali. Baada ya saa chache nafasi ya kupishana inakwisha. Kuanzia hapo, kijiko kimoja tu cha damu ya ziada hupandisha shinikizo kwa ghafla. Ndugu husimulia kwamba alikuwa mzima kabisa, akalala, asubuhi hakuamka. Hapo watu huanza kutafuta mchawi, kumbe ni mshipa uliokuwa ukivuja polepole chini ya mfupa.

Shinikizo hili lisichanganywe na ile presha inayopimwa kwa kufunga mkanda mkononi. Mtu mzima aliyelala huwa na shinikizo la fuvu kati ya milimita 5 na 15 za zebaki hivi. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2016 inataka matibabu yaanze linapozidi 22.

Hesabu moja inatosha kuonyesha hatari ilipo. Damu hufika kichwani kwa kusukumwa, kama maji yanavyopandishwa kwenye tenki la juu ya mnara. Wastani wa presha ya damu ukiwa 90, na shinikizo la fuvu likiwa 10, nguvu inayobaki ya kuulisha ubongo ni 80. Fuvu likibanwa hadi 30, inabaki 60, ambao ndio mpaka wa chini unaokubalika kwa mtu mzima. Sasa mgonjwa huyohuyo awe amevunjika paja pia na anapoteza damu, wastani ushuke hadi 60. Sitini toa thelathini, inabaki thelathini. Moyo unadunda, mkono una joto, lakini ubongo uko njaa. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1993 ulionyesha kwamba kwa waliojeruhiwa vibaya kichwani, presha ya juu kushuka chini ya 90 hata mara moja kuliambatana na ongezeko la vifo la mara mbili.

Ubongo wenye njaa huvimba zaidi, na ukivimba hubanwa zaidi. Hewa chafu isipotoka vizuri mapafuni, mishipa ya kichwani hutanuka, na nafasi huzidi kupungua. Kwa hiyo wataalamu husema kuna majeraha mawili. La kwanza hutokea barabarani, na hakuna hospitali duniani inayoweza kulifuta. La pili hutokea baadaye, njiani na kitandani, kwa kukosa hewa, kukosa damu, homa, sukari kushuka au shingo kupinda. Hili la pili ndilo linalozuilika, na mzuiaji wake mkuu ni muuguzi.

Anachokitazama muuguzi

Chombo cha kupima shinikizo moja kwa moja huingizwa kwa kutoboa fuvu, nacho hupatikana katika hospitali chache sana za ukanda wetu. Muuguzi wetu hupima kwa macho, masikio, tochi na saa.

Chombo chake kikuu ni kipimo cha Glasgow, kilichochapishwa mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett wa mji huo. Hutazamwa mambo matatu: kufumbua macho, alama 4, kujibu kwa maneno, alama 5, kusogeza viungo, alama 6. Mtu timamu hupata 15, na wa chini kabisa hupata 3, kwa maana hakuna sifuri. Aliye na 8 au chini ya hapo haaminiki tena kuilinda njia yake ya hewa. Ulimi wake mwenyewe unaweza kumziba koo.

Alama yenyewe haina maana kubwa kama mabadiliko yake. Mgonjwa mwenye 13 saa mbili usiku akiwa na 12 saa tatu, na nusu saa baadaye bado yuko 12, daktari anaitwa. Hasubiriwi mpaka asubuhi. Ndiyo sababu chati hupigiwa mstari kama njia ya mlimani, ili anayepokea zamu aone kwa jicho moja kama njia inapanda au inashuka. Chati isiyojazwa kwa saa tatu ni sawa na kutokuwepo kwa muuguzi kwa saa tatu.

Hapa kuna jambo la kuangaliwa sana. Bibi anayezungumza lugha ya kwao tu, akiulizwa kwa Kiswahili leo ni siku gani, atanyamaza, na atapewa alama za mtu aliyechanganyikiwa. Muuguzi mwangalifu humtafuta ndugu au mhudumu anayejua lugha hiyo kabla ya kuandika namba.

Kisha mboni za macho. Mwanga wa tochi ukipita, mboni zote mbili zinapaswa kusinyaa, tena kwa usawa. Moja ikiwa kubwa kuliko mwenzake na haisikii mwanga, kwa kawaida ubongo umeanza kusukumwa upande mmoja, na hiyo ni dharura ya dakika, si ya saa. Wauguzi wengi hutumia tochi ya simu zao wenyewe, kwa chaji yao wenyewe.

Mwisho ni alama tatu alizozieleza daktari Harvey Cushing wa Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita: presha ya damu kupanda, mapigo ya moyo kupungua, na pumzi kwenda bila mpangilio. Asiyejua hufurahi kuona mapigo yameshuka, akidhani mgonjwa ametulia. Anayejua hukimbia. Lakini dalili hizi huja mwishoni, na wodi inayozisubiri ndipo ichukue hatua imekwisha kuchelewa.

Mikono inafanya nini

Hewa hutangulia kila kitu. Matapishi, damu na ute huondolewa kwa mashine ya kufyonza, lakini kwa kiasi. Mpira ukikaa kooni zaidi ya sekunde 10 hadi 15, mgonjwa hukohoa na kukosa hewa, na kila kikohozi hupandisha shinikizo. Kwa hiyo hupewa oksijeni kwanza, hufyonzwa kwa muda mfupi, kisha huachwa apumzike. Kipimo cha kidoleni kinapaswa kuonyesha oksijeni isiyoshuka chini ya 90 hata kwa muda mfupi. Wengi hulenga 94 na zaidi.

La pili ni mlalo, na hapa ndipo pesa zinapohusika. Damu inayotoka kichwani hushuka kupitia mishipa ya shingo. Kichwa kikiinuliwa nyuzi 30, na pua ikaelekea juu bila shingo kupinda kushoto wala kulia, damu hushuka kwa urahisi na shinikizo hupungua. Haihitaji dawa. Inahitaji kitanda kinachoinuka. Vingi vya vitanda vyetu ni vile vya chuma vilivyonyooka, na wauguzi hujitahidi kwa kuweka matofali chini ya miguu ya upande wa kichwani. Nilipiga hesabu: kitanda cha mita 2 kikiinuliwa sentimita 30 kwa matofali hupata nyuzi zisizofika 10. Ili kufikia 30 yatakiwa matofali ya kimo cha mita nzima, na mgonjwa ataserereka. Ndugu nao, kwa nia njema, hukunja khanga mbili tatu wakaziweka chini ya kichwa. Hapo kidevu huelekea kifuani, shingo hukunjika, na mishipa ileile tuliyotaka kuifungua huzibwa. Kama ni lazima kutumia mito, iwekwe kuanzia mgongoni. Na kama shingo au mgongo unashukiwa kuvunjika, mwili wote hubaki mnyoofu na kitanda chote ndicho huinuliwa upande mmoja.

Kola ya shingo iliyokazwa mno, tepu iliyozungushwa shingoni kushikilia mpira, hata mkufu au tai, vyote hulegezwa.

Kumgeuza mgonjwa ni kila saa mbili ili asipate vidonda, na hufanywa na watu wawili au watatu kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikigeuka kama gogo moja. Lakini kugeuza, kuosha, kufyonza na kubadili shuka havifanywi kwa mfululizo mmoja. Kila kitendo hupandisha shinikizo kidogo, na vikifuatana bila mapumziko hulipandisha sana. Muuguzi aliyebanwa na kazi hutaka kumaliza yote kwa mara moja ahamie kwa mwingine. Hapo uchache wa watumishi unageuka kuwa ugonjwa.

Mgonjwa akianza kuhangaika na kujivuta, haraka ya kwanza ya wengi ni kumfunga kitandani au kuomba sindano ya usingizi. Kabla ya hayo muuguzi hujiuliza: anapata hewa? Kibofu kimejaa, au mpira wa mkojo umejikunja? Ana maumivu mahali pengine? Sukari imeshuka? Mara nyingi jibu liko hapo, na likipatikana anatulia. Sindano ya usingizi kwa mtu anayekosa hewa humfunika tu tusione anavyozama.

Homa huushusha ubongo kwa kasi, kwa sababu kila digrii inayopanda huongeza mahitaji yake ya oksijeni. Hupewa dawa na kupanguswa kwa maji ya uvuguvugu, si ya baridi, maana kutetemeka nako huongeza shinikizo. Choo kigumu pia hulindwa: kujikamua hupandisha shinikizo kama kikohozi. Macho yasiyofumba hulowanishwa na kufunikwa, kinywa husafishwa, na mgonjwa husemeshwa kwa jina lake kabla ya kuguswa, kwa sababu asiyejibu anaweza kuwa anasikia.

Chakula hupita kwenye mpira wa kulishia. Damu au maji meupe yakiwa yanatoka puani au sikioni, mpira huo haupitishwi puani, kwa kuwa huenda mfupa wa chini ya ubongo umevunjika, hupitishwa mdomoni. Kijiko cha uji kwa mtu asiye na fahamu huingia mapafuni. Nimeambiwa na wauguzi wa zaidi ya wodi moja kwamba hili ndilo linalowasumbua kuliko yote, kwa sababu mama anayemnywesha mwanawe uji hafanyi ubaya moyoni mwake. Hufanya hivyo muuguzi akiwa amegeukia kitanda kingine.

Dawa zipo, lakini ni chache na zina masharti. Manitoli ya asilimia 20 huvuta maji kutoka kwenye ubongo uliovimba na kumpa daktari nafasi ya saa chache. Haipewi mgonjwa ambaye presha yake ya damu iko chini, na huhitaji mpira wa mkojo kwa sababu humtoa mkojo mwingi. Katika hospitali za nyanda za baridi chupa zake huganda chembechembe. Muuguzi huzipasha katika maji ya moto, huzitikisa mpaka zing'ae, huziacha zipoe, na hutumia mpira wenye chujio. Dripu ya sukari kwa kawaida huepukwa, kwa kuwa maji yake huishia kwenye ubongo na kuuvimbisha. Hutumika ya chumvi. Steroidi, zilizozoeleka kwa miaka mingi, zilipimwa kwa wagonjwa zaidi ya 10,000 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2004: waliopewa walikufa wengi zaidi. Asidi ya traneksamiki, ambayo hupunguza kuvuja damu, ilionyesha mwaka 2019 kupunguza vifo kwa walioumia kwa kiasi kidogo na cha kati, ikitolewa ndani ya saa tatu. Kwa vijiji vyetu saa tatu ni habari ya barabara na gari kuliko habari ya famasi.

Saa za usiku

Mgonjwa aliyeumia kichwa na bado hajafikia 15 hutazamwa kila nusu saa. Zamu ya usiku ni saa 12, sawa na mara 24. Tuseme kila mara ni dakika tano: kuuliza maswali, kumulika macho, kupima presha, mapigo, pumzi na joto, kuandika. Hizo ni dakika 120. Mgonjwa mmoja amekula saa mbili za zamu bado hajageuzwa wala kufyonzwa. Wakiwa watatu, ni saa sita. Katika wodi yenye muuguzi mmoja usiku, na wagonjwa wengine 25 wenye dripu, sindano na mahitaji yao, mnajua wenyewe kitakachoachwa. Ajali za bodaboda hazichagui usiku wenye nafasi. Jumamosi na siku za mnada huleta wawili au watatu pamoja.

Hesabu hii ndiyo iliyonifanya nibadili mpangilio wa bajeti. Chati nzuri tunazo. Mafunzo yamefanyika. Kilichopungua ni mikono ya kuijaza chati saa nane za usiku.

Na CT-Scan je?

Nisieleweke vibaya. CT-Scan ni kipimo cha muhimu, kwa sababu hutenganisha anayehitaji upasuaji wa haraka na asiyehitaji. Damu iliyojikusanya chini ya mfupa lazima itolewe, na hakuna mlalo wala oksijeni itakayochukua nafasi ya daktari wa kuitoa. Ndiyo maana fungu la rufaa na gari la wagonjwa halikuguswa.

Lakini mashine pekee haimponyi mtu. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Bolivia na Ecuador kwa wagonjwa 324 walioumia vibaya kichwani. Nusu walitibiwa kwa kufuata chombo kilichowekwa ndani ya fuvu, na nusu kwa kufuata uchunguzi wa kitandani na picha za CT-Scan. Matokeo ya makundi hayo mawili hayakutofautiana. Wagonjwa hao walikuwa katika vyumba vya mahututi vyenye wauguzi wa kutosha, vitu ambavyo sisi hatuna, kwa hiyo tusijipe faraja ya bure. Ila inaonyesha kwamba jicho lililofundishwa, likitazama mara kwa mara, si kitu cha kukosea heshima.

Hapa nchini tuna mfano wa karibu. Mwaka 2006 daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika Hospitali ya Kilutheri Haydom, mkoani Manyara, wakati ambapo mabingwa wa fani hiyo Tanzania nzima walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Badala ya kupasua peke yake na kuondoka, alimfundisha Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi, kufanya upasuaji wa kichwa. Habari hiyo ilisomwa duniani kote, na ni vema. Ninachoongeza ni kwamba kila aliyetoka kwenye chumba cha upasuaji alirudi wodini, na kilichofuata kilikuwa mikononi mwa muuguzi.

Kabla ya hospitali, na kando ya kitanda

Kamati za sharika zina sehemu yao, tena kubwa. Takwimu za KCMC Moshi zimeonyesha kwa miaka kadhaa kwamba wengi wa walioumia kichwa ni wanaume vijana, na chanzo kikuu ni ajali za barabarani. Kofia ngumu ikivaliwa na kufungwa kidevuni, mapitio ya tafiti ya mwaka 2008 yaliona hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani haipunguzi chochote, na kwa abiria wa mshikaki mara nyingi haipo kabisa.

Majeruhi asibebwe amekaa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine, kichwa kikining'inia. Alazwe kwenye gari lolote lenye nafasi, hata la mizigo, shingo ikiwa imeshikiliwa na mtu asiyefanya kazi nyingine. Akitapika, ageuzwe ubavu mwili mzima kwa pamoja. Asipewe maji wala chakula.

Kukoroma kwa mtu aliyepigwa kichwa si usingizi mtamu. Ni ulimi unaoziba njia, na ni mwito wa kumsaidia sasa hivi. Vivyo hivyo harufu ya pombe: wako waliolazwa pembeni ya barabara au kituoni mpaka asubuhi kwa kuitwa walevi, na wengine hawakuamka. Mlevi aliyeanguka ni majeruhi wa kichwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na aliyeruhusiwa kurudi nyumbani siku hiyohiyo asilale peke yake. Kwa saa 24 awepo mtu wa kumwamsha na kusikiliza maneno yake. Akitapika mara kwa mara, akiumwa kichwa kinachozidi, akipata degedege, akizungumza ovyo au akishindwa kuamka vizuri, arudishwe hata kama ni usiku.

Wodini, naomba niseme na wachungaji, wainjilisti na vikundi vya akina mama kwa upendo. Kelele na msongamano humhangaisha mgonjwa na kupandisha shinikizo. Muingie wawili wawili, muombe kwa sauti ya chini, na kwaya iimbe nje ya jengo. Ndugu mmoja aliyefundishwa na muuguzi, anayejua asinyweshe uji, asikunje khanga chini ya kichwa, na aite mtu mara anapoona badiliko, ana thamani kuliko ndugu kumi waliozunguka kitanda.

Kilichomo kwenye pendekezo

Tumeomba vitanda vinane vinavyoinuka upande wa kichwani, vinne kwa wodi ya wanaume na vinne kwa ya wanawake, vyenye mtambo wa kuzungusha kwa mkono kwa sababu umeme unakatika. Tumeomba mashine mbili za kuzalisha oksijeni pamoja na mitungi ya akiba kwa saa za giza, mashine mbili za kufyonza ambazo mojawapo huendeshwa kwa kukanyaga kwa mguu, vipimo vya oksijeni vya kidoleni, na tochi ndogo za macho pamoja na betri zake. Betri huwa zinasahaulika kwenye maandiko ya miradi, kisha wauguzi hurudi kwenye simu zao.

Fungu kubwa kuliko yote ni posho na mishahara ya wauguzi wawili wa ziada wa usiku kwa miaka miwili. Najua baadhi ya wafadhili hawapendi kugharimia mishahara, wakisema si jambo endelevu, na hoja yao ina uzito. Ndiyo maana sharika zinaombwa kuchangia sehemu ya fungu hilo tangu mwaka wa kwanza na kuongeza mwaka wa pili, huku uongozi wa hospitali ukiendelea kuomba watumishi serikalini. Kitanda chenye kuinuka bila mtu wa kumtazama aliyelala juu yake tumekwisha kuwa nacho, katika chumba kimoja cha wagonjwa wa kulipia.

Mchanganuo wa bei kwa kila kifaa uko kwa mhasibu wa kila jimbo. Kamati zinaombwa kuujadili na kurudisha maoni kwa maandishi kabla ya kikao cha bajeti, zikitaja pia ni sharika zipi ziko tayari kuwakaribisha wauguzi waje kuwafundisha madereva wa bodaboda vijiweni jinsi ya kumbeba majeruhi. Mafunzo hayo huchukua nusu siku, na vifaa vinavyohitajika ni ubao mpana, blanketi na mtu wa kujitolea kulala chini.